Ng'ombe wa Shaba wa Naro Moru

Katika miaka yake ya upelelezi Inspekta Benter Adoyo alikuwa amewafuata wezi wa magari, wezi wa kahawa, na mchungaji mmoja aliyeiba spika za kanisa lake mwenyewe kisha akaitisha maombi ya kumlaani mwizi. Hakuna hata moja kati ya kesi hizo iliyomwandaa kwa asubuhi hii ya Naro Moru. Alisimama katikati ya njia panda, koti limefungwa hadi kidevuni, mlima umejificha nyuma ya mawingu kama mtu asiyetaka kuitwa shahidi, akatazama jukwaa la saruji lisilokuwa na chochote juu yake.

"Alikuwa hapa," alisema Bwana Ngatia, akionyesha hewa kwa kiganja. "Kichwa huku, mkia huko."

"Nani?"

"Ng'ombe, madam. Ng'ombe wa Ustawi."

Bwana Ngatia alikuwa meneja wa miradi katika Mamlaka ya Kupendezesha Miji ya Mlimani, ofisi ambayo Benter hakujua kama ipo mpaka jana alipokabidhiwa faili. Alikuwa mtu mnene mwenye suti ya kijivu, na kichwani, bila kujali suti inasema nini, alivaa kofia ya kijani iliyotariziwa kwamba mwenyewe alikuwa mshindi katika maonyesho ya kilimo. Kila alipoongea aliigusa kofia hiyo, kama wengine wanavyogusa pete ya ndoa.

"Alikuwa wa shaba tupu," aliendelea. "Mara mbili ya ng'ombe wa kawaida. Shilingi milioni kumi na moja. Kabla ya kumjenga, bodi yetu ilisafiri mpaka Italia kuona vile wenzetu wanatengeneza."

"Italia wana ng'ombe wa shaba?"

"Wana farasi. Lakini tulijifunza."

Benter aligeuka taratibu. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na soko, na pembeni mwa soko kulikuwa na choo cha umma kisichokuwa na mlango. Mama mmoja alikuwa akiingia, mwenzake amesimama mbele yake ametandaza leso kama pazia. Ng'ombe wa Ustawi, alipokuwepo, alikuwa akiangalia huko moja kwa moja.

"Alikuwa na uzito gani?"

"Kilo mia tisa."

"Na wezi walimbebaje?"

"Hiyo sasa ndiyo kazi yako, madam." Ngatia aligusa kofia. "Mimi sitaki kukuharibia muda. Mshukiwa mmeshamshika, yule mtu wa vyuma kuukuu. Leo saa nane anapelekwa kortini Nyeri. Wewe weka sahihi tu kwa ripoti, useme sanamu ya shaba imeibwa. Wakaguzi kutoka Nairobi wako njiani, na bodi imeshapitisha pesa ya ng'ombe wa pili. Milioni kumi na tisa."

"Mbona amepanda bei?"

"Huyu atakuwa na ndama."

Benter alikuwa na desturi ya kunyamaza pale ambapo hasira ilimtaka aseme, kwa sababu alikuwa amegundua kwamba watu wenye hatia huogopa kimya kuliko kelele. Alichuchumaa kando ya jukwaa. Vyuma vinne vilichomoza kwenye saruji, kimoja kwa kila mguu, vyembamba kama kalamu, vimepinda huku na huku, na kutu imeanza kuvila. Alipitisha kidole kwenye ncha zake. Hapakuwa na alama ya msumeno wala ya moto wa kuchomelea. Kilichomshangaza zaidi kilikuwa saruji yenyewe. Mji mzima ulikuwa na tope la mvua ya juma lililopita, lakini sehemu ya juu ya jukwaa ilikuwa safi, laini, inang'aa, kama sahani iliyopanguswa kwa mkate.

"Nani ameosha hapa?"

"Hakuna mtu ameosha," alisema Ngatia.

"Konstebo Theuri, wewe ni mtu wa hapa. Nani huosha jukwaa hili?"

Konstebo Theuri, kijana mrefu aliyepewa kumwongoza kwa sababu alizaliwa umbali wa kupiga mluzi kutoka hapo, alitazama viatu vyake. "Labda ni mvua, madam."

Benter alirudi nyuma hatua moja ili aone vizuri, na mguu wake ukazama kwenye mavi ya ng'ombe.

"Yawa!"

Alikuwa akitafuta jani la kupangusia kiatu alipoona kitu. Jua lilikuwa limechungulia kidogo, na yale mavi yakang'aa. Hayakung'aa kama kitu kibichi kinavyong'aa. Yalimetameta. Ndani yake mlikuwa na vipande vidogo vya rangi ya shaba, kama vile ng'ombe huyo alikuwa amekula kadi za harusi.

"Wacha hiyo, madam," Theuri alisema, akiruka mbele na kijiti. "Hiyo ni ya kawaida. Hapa kwetu iko hivyo."

"Kwenu ng'ombe hunya mapambo?"

Benter alitoa mfuko wa plastiki wa vielelezo mfukoni mwa koti na kumkabidhi Theuri. "Jaza. Halafu uandike: kielelezo cha kwanza."

*

Kituoni, mshukiwa aliletwa akiwa ameshikilia suruali yake kwa mkono, maana mshipi walikuwa wamemnyang'anya. Kinuthia alikuwa mtu wa makamo mwenye vidole vyeusi vya grisi ambavyo sabuni ilikuwa imekata tamaa navyo. Juu ya meza kulikuwa na kielelezo kilichomtia ndani: furushi la waya wa kuku, ule wa matundu matundu, lililopatikana kwenye yadi yake. Bwana Ngatia alikuwa ameandikisha kwamba huo ulikuwa waya wa kuilinda sanamu.

"Uliupata wapi?" Benter aliuliza.

"Kwa barabara, hapo kwa roundabauti. Ulikuwa unatembea na upepo."

"Na ng'ombe je?"

"Madam, angalia mimi vizuri." Kinuthia aliegemea mbele. "Mimi niko kwa hii biashara ya vyuma tangu nitoe meno. Shaba naijua kama mama anajua mtoto wake. Unafikiri kama ile kitu ingekuwa shaba, ingemaliza miezi mitatu hapo kwa barabara na mimi nakaa hapa hapa? Ningeichukua wiki ya kwanza!"

Theuri alikohoa. Benter alimnyooshea kidole aendelee kuandika.

"Hiyo ni kukiri nia ya kuiba, Bwana Kinuthia."

"Ni kukiri akili! Wazungu wa kempi Nanyuki hawawezi kuacha kijiko nje nisikione. Wacha nikuambie ukweli, kwa sababu hata nikinyamaza nimefungwa. Siku ile walimaliza kufungua hiyo sanamu, na matenti, na samosa, na maspika wanasema ati ustawi umefika, mimi niliingia hapo kati ya watu na spana yangu. Nikagonga mguu."

"Ukasikia nini?"

"Shaba inalia ngiii, kama kengele ya shule. Hii ililia puu. Kama mkate wa jana. Nikaenda nyumbani nikalala njaa."

"Kwa nini hukumwambia mtu?"

Kinuthia alicheka bila furaha. "Niambie nani? Ningesema aje? 'Samahani mheshimiwa, nilikuwa nataka kuiba mali ya umma nikapata si mali'?" Kisha uso ukamshuka. "Madam, kesi ya milioni kumi na moja, dhamana yake itakuwa nini? Sisi tuko na nusu eka peke yake, na imeandikwa jina la baba. Mzee yuko na miaka themanini. Akisikia nimeiba ng'ombe ya serikali, atalipa. Atauza, alipe, ndio jina lake lisichafuke. Na mimi nimeiba nini? Waya wa kuku!"

Benter alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa tatu na ushee. Gari la kuwapeleka washukiwa Nyeri lilikuwa halijui huruma. Likifika, hubeba aliyeandikwa. Na bosi wake alikuwa amemwambia kwenye simu, kwa ile sauti tamu ya mtu aliyepigiwa na mkubwa zaidi, kwamba faili hii inataka sahihi, haitaki mashairi.

Simu ililia. Alikuwa Bwana Ngatia, anahema. Ati kuna shahidi. Lori limeonekana likielekea Nanyuki likiwa na mnyama mkubwa chini ya turubai, miguu imetokeza. Ati kama madam ni mpelelezi kweli, angekuwa ameshaondoka.

Aliondoka. Mpelelezi hapaswi kudharau fununu, hata ile yenye harufu mbaya. Walilikuta lori kwenye ua wa hoteli moja iliyo karibu na kambi ya wanajeshi wa kigeni, turubai limeshafunuliwa, na vijana wanne wakimsimamisha mnyama. Alikuwa twiga.

"Ni ya plastiki ngumu," alieleza mwenye hoteli, mama wa makamo anayeitwa Shirleen, akimpiga twiga kofi la mapenzi kwenye paja. "Wale wanajeshi wakilewa wanapenda kupiga picha na kitu. Ni mrefu kuliko nyumba."

"Amekugharimu pesa ngapi?"

"Elfu themanini, na usafiri ndani. Niliomba punguzo." Alimwangalia Benter. "Kwani ni mingi?"

Theuri alikuwa ameanza kucheka. Benter alimkata jicho, akacheka upande wa ndani.

Njiani wakirudi, hadi walipovuka mto Burguret, Benter aliwaza tu. Alikuwa akipanga mambo kichwani moja baada ya jingine, kama mama anavyopanga nyanya sokoni, zile nzuri mbele. Vyuma vyembamba kama kalamu haviwezi kushika kilo mia tisa. Mguu uliogongwa ukalia kama mkate haukuwa shaba. Waya wa kuku haulindi kitu chochote, hata kuku wenyewe huutoroka. Waya wa kuku hutumiwa kushikilia plasta. Basi ng'ombe alikuwa waya na plasta, akapakwa rangi. Sawa. Lakini waya na plasta havina faida kwa mwizi. Na kama alibomoka kwa mvua, vipande viko wapi? Kwa nini pale mahali pamebaki safi kama sahani?

"Theuri."

"Madam."

"Ukijenga kitu kikubwa namna hiyo kwa waya na plasta, utakiacha tumbo tupu?"

"Hapana, madam. Kitabonyea. Lazima ukishindilie na kitu."

"Kitu gani?"

Theuri alishika usukani kwa mikono miwili, ingawa barabara ilikuwa imenyooka. "Sijui, madam. Mimi si fundi."

Alisema hivyo haraka mno. Benter alimwacha. Akaona nyanya moja zaidi imejiweka mstari wa mbele.

*

Duka la dawa za mifugo la Naro Moru lilikuwa nyuma ya soko. Benter aliingia akitaka tu kumwonyesha daktari wa mifugo kielelezo cha kwanza, lakini alisimama mlangoni, kwa sababu duka lilikuwa na foleni mpaka nje. Kina mama wenye gambuti, wazee wenye makoti, wote kimya. Watu wa Naro Moru wakiwa kwenye foleni huongea. Huu ulikuwa ukimya wa watu waliokubaliana.

"Sumaku zimebaki mbili," daktari alitangaza kutoka kaunta. Alikuwa mwanamke mdogo wa mwili, Daktari Murugi, mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka bonde la pili. "Wengine mrudi kesho. Nimeagiza Nyeri na Karatina, wote wameisha."

Manung'uniko yakapita. Benter alipenya mpaka mbele na kuonyesha kitambulisho. Foleni nzima ikagundua ghafla kwamba ilikuwa na shughuli kwingine; lakini mlango ulikuwa mmoja na Konstebo Theuri alikuwa ameuziba kwa mwili wake, amekauka kama nguzo, macho kwa mama mmoja mzee aliyejifunika shali.

"Daktari, sumaku ni za nini?"

"Za ng'ombe, afande." Murugi alinyanyua kipande cha chuma kinene kama kidole gumba. "Ng'ombe hachagui anachomeza. Akimeza waya, unaweza kumtoboa mpaka moyo. Kwa hivyo tunamlisha hii. Inakaa tumboni maisha yake yote, inashika waya usitembee."

"Kwa mwezi unauza ngapi?"

"Mbili. Tatu."

"Na wiki hii?"

Daktari Murugi aliangalia foleni. Foleni ikaangalia dari. "Wiki hii wamekuja wengi," alisema taratibu. "Na mimi nikiuliza ni waya gani, naambiwa ati ni wa kuku, umelala kwa shamba. Kila shamba. Wiki moja."

Benter aliuweka ule mfuko kwenye kaunta. Yale mavi yakametameta chini ya taa. Murugi aliyatazama kwa hamu ya mtu wa taaluma.

"Plasta na rangi," alisema. "Na huyu amekula vizuri sana. Hebu ona: nyasi kavu, laini, haina vijiti. Mwaka huu wa ukame sijaona nyasi nzuri kama hii. Imetoka wapi?"

Hapo Benter aliona kila kitu, akashika kaunta asicheke. Tumbo la Ng'ombe wa Ustawi lilikuwa limeshindiliwa nyasi! Mvua ilikuja, plasta ikalainika, tumbo likapasuka, harufu ikatoka. Na kila ng'ombe mwenye njaa aliyekuwa akipitishwa njia panda kwenda mtoni akasimama kulipa heshima zake.

"Mlimla," alisema.

"Si sisi!" yule mama wa shali alipaza sauti. "Ni ng'ombe!"

"Mami!" Theuri alilia kutoka mlangoni.

Benter aligeuka pole pole. "Konstebo, huyu ni nani?"

"Ni mama yangu, madam. Anaitwa Kabura." Theuri alivua kofia. "Na ng'ombe ni Kanini. Yeye alikula shingo."

"Kanini hakuanza!" Mama Kabura alisogea mbele, shali limeanguka mabegani. "Wacha uongo, mwanangu. Kanini alikuja kama wengine wamemaliza tumbo. Mimi nilimvuta, akakataa. Mwalimu, si ulimwona nikimvuta?"

Mzee mmoja mwenye koti alikubali kwamba alimwona, ingawa yeye mwenyewe wakati huo alikuwa akimvuta wake kutoka pajani. Ghafla duka zima likafunguka kama mfereji. Huyu ng'ombe wake alikula mkia tu. Yule wa fulani alilamba jukwaa mpaka jioni. Na wa jirani, ambaye hayupo hapa leo kwa aibu, alikula kichwa chote na masikio.

"Kwa nini mlinyamaza?" Benter aliuliza. "Kuna mtu yuko ndani!"

"Madam," alisema Mama Kabura, sasa kwa unyenyekevu, "hao watu wa Mamlaka walipita na gari ya spika. Wakasema ati mtu yeyote mnyama wake amegusa sanamu, atalipa milioni kumi na moja. Mimi nauza maziwa lita nne. Nitamaliza kulipa nikiwa mbinguni?"

"Na hiyo nyasi imenunuliwa na pesa yetu!" mwingine alidakia. "Mimi nalipa hapo sokoni kila siku, choo hakina mlango. Wacha basi angalau ng'ombe ipate kitu kwa serikali."

Foleni ilicheka, kisha ikakumbuka kuna polisi, ikaacha.

Benter alimtazama Konstebo wake. "Ulikuwa unajua tangu asubuhi."

"Ni mama, madam."

"Tutaongea. Kwa sasa toa kalamu, uandike maelezo ya kila mmoja. Anza na Kanini."

*

Saa saba na nusu Bwana Ngatia aliketi mbele ya meza ya Benter, kofia ya kijani kichwani, kalamu tayari mkononi. Nje, gari la Nyeri lilikuwa limeshafika na dereva alikuwa anapiga honi.

Benter alikuwa na maelezo ya watu kumi na wawili wenye ng'ombe. Alijua wakili yeyote wa mjini angewachana vipande: watu wenye deni la kuogopa wakilaumu wanyama. Alihitaji mdomo mmoja tu, na mdomo huo ulikuwa mbele yake.

"Nimewapata wezi," alisema.

"Safi!" Ngatia alikaa vizuri. "Ni genge?"

"Kubwa. Karibu wote ni wa kike."

"Wanawake?"

"Sijasema wanawake. Ni ng'ombe, Bwana Ngatia."

Rangi ilimtoka Ngatia usoni, ikarudi, ikatafuta mahali pa kukaa. Lakini hakuwa mtu wa kuanguka kwa kofi la kwanza. "Madam, hiyo ni hekaya. Ng'ombe hali shaba. Mimi nimesema ilikuwa shaba, nimeweka sahihi, na nitasema hivyo mpaka mbele ya jaji. Hao wakulima wako wamefundishwa. Weka sahihi, hii gari iende."

"Nitaweka." Benter alivuta karatasi. "Lakini kuna jambo dogo lazima niliandike, kwa sababu ng'ombe ni wagonjwa na wenyewe watadai fidia. Theuri, andika. Ndani ya sanamu mlipatikana nyasi."

"Mimi sijui mambo ya nyasi," alisema Ngatia.

"Najua hujui. Andika, Theuri. Nyasi duni kabisa."

Ngatia alipepesa macho.

"Zilizokatwa zikiwa zimezeeka, zimebaki vijiti vitupu. Zikanyeshewa kabla hazijakauka. Zina ukungu."

"Ukungu," alirudia Ngatia kwa sauti ndogo.

"Mweusi. Inaonekana ni takataka za kando ya barabara, ambazo mkulima yeyote mwenye heshima angetandikia nguruwe. Mtu aliyeleta nyasi za namna hii, andika hivyo, hajui kulima hata..."

"Ukungu wa nini?" Ngatia alikuwa amesimama. Kiti kilianguka nyuma yake. "Ukungu gani? Ile ilikuwa nyasi ya boma rhodes, madam! Ya shamba langu mwenyewe! Nilikata ikianza tu kutoa maua, nikaigeuza kwa mkono, mkono huu, haikuguswa na tone la mvua! Marobota sitini! Unajua nimeshinda kombe mara ngapi na hiyo nyasi? Takataka ya barabara? Uliza hao ng'ombe! Uliza hao ng'ombe wenyewe kama wanaweza kulamba saruji kwa sababu ya ukungu!"

Honi ya dereva ililia nje, ikanyamaza. Kalamu ya Theuri ilisikika ikimalizia mstari.

Ngatia alibaki amesimama, mkono hewani, anasikiliza maneno yake mwenyewe yakitua. Kisha akainama, akainua kiti, akakikalia.

"Marobota sitini," alisema Benter kwa upole. "Umeyaandika vizuri, Theuri?"

"Yote, madam. Na kukata ikianza kutoa maua." Theuri aliinua kichwa, na kwa kuwa alikuwa kijana mwaminifu pale ambapo mama yake hahusiki, aliongeza, "Lakini, madam, Daktari hakusema ina ukungu. Alisema hajaona nyasi nzuri kama hiyo mwaka huu mzima."

"Najua alichosema."

Macho ya Bwana Ngatia yaliwaka. "Alisema hivyo? Murugi mwenyewe?"

"Alitaka kujua imetoka wapi."

"Ningempelekea robota moja," alisema Ngatia, na kwa kitambo kifupi alionekana mtu mwenye furaha kabisa. Kisha pingu zikalia.

Benter alikata jina kwenye karatasi ya dereva, akaandika jingine. Kinuthia alikuwa anatoka seli, suruali mkononi, blanketi la kituo bado mabegani kwa ajili ya baridi, alipokutana mlangoni na meneja wa miradi akiingizwa. Walipishana kwa heshima, kama watu wanaopishana mlangoni mwa kanisa. Halafu Kinuthia akasita. Alivua blanketi, jembamba, lililotoboka, ambalo mtu angeweza kusoma gazeti kupitia kwake, akamfunika Ngatia mabegani na kulinyoosha vizuri kwenye kola ya suti.

"Shika, mkubwa. Lako hili," alisema. "Kwa vitabu vya serikali limeandikwa ni sufu tupu, kama ile shaba yako."